Moto wa Pumba Ndani ya Tangi

Leticia aliposhuka kwenye bodaboda, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa tangi, ilikuwa ndoo. Ilikaa juu ya tofali karibu na mlango wa tangi, na mjomba wake Amedeus ameiinamia, anakoroga kwa kijiti kinene, taratibu, kama mtu anayesonga ugali wa wageni.  Rangi ya epoksi huja kwa makopo mawili: kopo la rangi yenyewe, na kopo la dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadna. Makopo yakikaa mbalimbali yanaweza kumaliza mwaka bila neno. Yakishachanganywa, una dakika arobaini, kisha ndoo nzima inakuwa jiwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, fundi mkuu." Amedeus hakuinua kichwa. Lile neno fundi mkuu alilitia pilipili kidogo, kama alivyofanya kila siku tangu kamati ya maji imkabidhi Leticia kazi badala yake. "Umechelewa, nimekuanzia."

"Umechanganya saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Dakika tano hazijafika. Wingu lile hulioni?"

Leticia alikuwa ameliona tangu Ifakara, limelala juu ya milima ya Udzungwa, zito na jeusi upande wa chini. Februari ilikuwa inaisha. Masika ikishaingia bondeni, hewa hulowa mpaka chumvi mezani inakuwa maji, na epoksi haipakiki tena mpaka Juni. Alitazama simu yake. Saa mbili na dakika kumi. Ndoo ingekufa saa tatu kasorobo.

Zahanati walipokuwapo, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Ifakara upande wa Namawala, haikuwahi kuwa na maji yake. Mjamzito aliyekuja kujifungua alikuja na khanga zake na dumu lake la maji, na ndugu aliyesahau dumu alisemwa mpaka siku ya ubatizo wa mtoto. Sasa kisima kimechimbwa, pampu imefungwa, na tangi la chuma la lita elfu ishirini limesimama nyuma ya wodi. Lililobaki lilikuwa kulipaka ndani lisiliwe na kutu. Mkono wa kwanza ulipakwa jana jioni, wa pili ulikuwa wa asubuhi hii, kisha siku saba za kukomaa, ndipo maji yaingie. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo Leticia aliitia sahihi yeye mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Polycarp, alikuwapo tayari, kavaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi. Huyu mzee alikuwa amelifuatilia tangi hili kwenye ofisi za wilaya hadi walinzi wa getini wakawa wanamuulizia wajukuu zake.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Leo ndiyo leo. Pakeni, watoto wetu waoshwe."

"Nikague kwanza, Mwenyekiti. Dakika mbili."

Alivaa barakoa, akasogeza feni mlangoni, akaingia kwa magoti na tochi mkononi. Jana jioni alipoondoka kwenda kufuata rola mpya mjini, kuta hizi ziling'aa. Leo zilikuwa zimepauka. Si zote: karibu na sakafu mng'ao ulibaki kwa vipande, lakini kadiri tochi ilivyopanda ndivyo ukungu mweupe ulivyozidi. Alivua glavu, akapitisha kidole. Kikateleza. Ulikuwa utelezi wa sahani ya nyama iliyooshwa kwa maji baridi bila sabuni, ule ambao mkono unaukataa kabla kichwa hakijajua sababu. Na chini ya harufu ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, ya moshi.

Alitoka, akazunguka nyuma ya tangi. Palikuwa na majiko mawili ya debe, na kando yake rundo la majivu meusi ya pumba za mpunga, likifuka kidogo kidogo.

"Mjomba, moto huu wa nini?"

"Wa kukaushia." Amedeus alisema kwa fahari kabisa. "Jana usiku umande ulikuwa mkali, tangi linatoa jasho. Nikaingiza majiko mawili, nikafunga mlango. Alfajiri nikayatoa. Nenda kagonge uone, limekauka kama mfupa. Ningekungoja wewe na madaftari yako, lingekuwa linanata hadi sasa."

Hakukuwa na ubaya ndani ya maneno yale, na ndilo lililomuumiza Leticia. Bonde zima la Kilombero hufanya hivyo. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa pana kilima cha pumba, haziulizwi na mtu, na zikiwashwa hukaa na moto usiku kucha bila kelele. Ukipiga lipu wakati wa mvua, unaingiza jiko la pumba chumbani na kufunga milango, asubuhi ukuta mkavu. Amedeus alijifunza hivyo kwa baba yake, akamfundisha Leticia hivyohivyo. Lipu inaupenda moto ule. Epoksi haiupendi, lakini nani angemwambia? Epoksi ilikuja bondeni juzijuzi.

Leticia alijua. Alijua kwa miaka miwili, na kwa miaka miwili alikuwa amekaa kimya.

Alijifunza Morogoro, kwenye mafunzo ya mwezi mmoja. Mwalimu alichora ubaoni: rangi na hadna zinashikana chembe kwa chembe mpaka ziwe kitu kimoja kigumu, lakini pale juu kabisa, kwenye uso, hadna ambayo bado haijashikwa inakutana na hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na hewa ukaa nyingi, hadna inaungana na hizo badala ya kuungana na rangi. Inabaki ngozi nyembamba ya chumvi yenye utelezi, tabia yake kama magadi. Chini ya ngozi ile rangi ni ngumu na nzima. Juu yake hakishiki kitu. Kisha mwalimu akasema kwamba njia ya haraka ya kuharibu kazi ni kuwasha moto mahali palipofungwa, kwa sababu moto unatoa vyote viwili, hewa ukaa na mvuke. Leticia aliandika sentensi ile, akaipigia mstari, akashindwa kula mchana ule.

Maana alikuwa amekumbuka Katindiuka. Miaka sita nyuma, yeye akiwa mwanafunzi wa Amedeus, walipaka tangi la kikundi cha wakulima kule. Ilikuwa msimu wa umande kama huu. Pumba zilichomwa, na aliyebeba magunia ya pumba kichwani kutoka mashineni alikuwa Leticia. Baada ya miezi minne mkono wa pili ulianza kubanduka, ukatoka bombani vipande vipande kama utando wa maziwa. Wakulima walikuja juu. Amedeus, ambaye hakuwahi kuharibu kazi maishani mwake, akatafuta sababu, na sababu aliyoipata ilikuwa Zubeiri.

Zubeiri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Ifakara, na ndiye aliyeuza ile rangi. Yeye na Amedeus walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Idi Amedeus yuko kwa Zubeiri, Krismasi Zubeiri yuko kwa Amedeus na wanawe wote. Amedeus alisimama mbele ya duka lile, sokoni, mchana kweupe, akasema Zubeiri anauza rangi feki. Mji mdogo hauhitaji kuambiwa mara mbili. Rafu za rangi zikakaa na vumbi, mwisho Zubeiri akaziondoa, akabaki na misumari na saruji. Hawakusalimiana tena.

Sasa dakika kumi na moja zilikuwa zimekwisha.

"Mjomba, tusipake," alisema Leticia. "Uso umeota chumvi. Mkono wa pili hautashika."

Amedeus aliacha kukoroga. "Hilo ni jasho la rangi. Nimeliona mara ngapi? Unalipangusa kwa thina, unapaka, mambo yanaisha."

"Thina inalisambaza tu, hailiondoi. Linaondoka kwa maji ya moto na sabuni, kwa kusugua, kisha kusuuza."

"Uingize maji kwenye tangi nililokesha nikilikausha?" Akamgeukia Polycarp. "Mwenyekiti, ndoo imeshachanganywa. Ikigandia hapa tunakosa ya kumalizia, na mvua ile pale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa litavunjika guu la kijiji."

Polycarp alitazama wingu, akatazama ndoo, akamtazama Leticia. Alikuwa mtu mwema, na hofu ilikuwa imemjaa hadi kwenye kola ya shati. "Leticia, mwanangu, una uhakika? Maana mimi naona ukuta umekauka."

Nesi Natalia alikuwa ametoka wodini kutazama, mikono imelowa dawa. Leticia alimgeukia.

"Dada Natalia, vile vijiti vyenu vya kupimia mkojo wa wajawazito, vina kile kimraba cha kupima uchachu?"

"Vinacho. Unataka kupima mkojo wa nani hapa?"

"Wa tangi."

Natalia alicheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka, akaenda kuleta kichupa cha vijiti na chupa ya maji safi ya kuchanganyia dawa. Leticia aliingia tena na tochi. Alilowesha ukuta mahali peupe, akahesabu hadi sitini, akabandika kijiti. Alipotoka nacho, Natalia alikishika kwa ncha na kukilinganisha na picha za rangi ubavuni mwa kichupa. Kimraba kilichoanza na rangi ya chungwa kilikuwa kijani, na hata walipokuwa wanakitazama kiliendelea kuzama kuelekea bluu.

"Mkojo ukiwa hivi ningemwita daktari," alisema Natalia. "Huu ni upande wa magadi kabisa. Magadi makali."

Amedeus alikitazama kijiti kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, na macho yake yalikuwa mazuri. Leticia aliona jinsi uso ulivyobadilika, na kwa nukta moja akadhani ameelewa. Lakini mzee alikuwa ameshika njia yake ya zamani, ile aliyoizoea.

"Basi ni feki," alisema. "Rangi nzima haitoi magadi. Ni kama Katindiuka, kitu kilekile, mng'ao unapotea na uso unateleza. Nani amekuuzia rangi hii?"

"Ilitoka Dar es Salaam."

"Najua ilitoka Dar. Haikuja kwa miguu yake. Nani ameileta?"

Feni ilikuwa inavuma. Ndani ya ndoo rangi ilianza kutoa joto, na hewa juu yake ikacheza. Dakika kumi na tisa. Leticia angeweza kutaja jina lolote, na uongo huo ungewafaa wote kwa siku ile. Miaka miwili alikuwa amejidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo. Aliagiza rangi kwa Zubeiri kwa siri ili alipe deni la moyo wake bila mtu kujua, na ona sasa: alikuwa amemchukua Zubeiri akamleta mpaka miguuni pa mtu yuleyule, amhukumu mara ya pili.

"Zubeiri," alisema.

Polycarp alivuta pumzi. Katika bonde lile habari ya Katindiuka ilijulikana na kila mtu.

"Zubeiri," alirudia Amedeus, polepole. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nikiwa hai. Damu yangu. Mwenyekiti, umesikia? Leo hii nakwenda mjini kulisema. Safari hii atafunga na duka la misumari."

"Ngoja, mjomba."

"Ningoje nini?"

"Dada Natalia, kile kibati changu."

Jana, kabla ya kuanza kupaka, Leticia alikuwa amechukua kipande cha bati la chuma ukubwa wa daftari, akakipaka rangi ileile, kutoka ndoo ileile, saa ileile, akampa Natalia akitundike kwenye stoo ya dawa. Morogoro walimfundisha kufanya hivyo kila kazi. Amedeus alimcheka sana. Alimuuliza kama anachora picha ya tangi ampelekee mchumba.

Natalia alirudi nacho amekibeba kwa vidole viwili. Kiling'aa. Paa la wodi lilionekana ndani yake. Leticia alikigusa mbele ya watu, kidole kikakwama kidogo badala ya kuteleza. Alidondosha maji, wakasubiri. Dakika moja ile ilikuwa ndefu kuliko kidato cha nne. Kisha akabandika kijiti kipya, akampa mjomba wake akishike mwenyewe.

Kimraba kilibaki rangi ya chungwa.

"Rangi ni ileile, mjomba," alisema Leticia. "Umeichanganya kwa mkono wako. Hiki kililala kwenye stoo ya dawa. Lile lililala na moto."

Amedeus alimwomba Natalia kile kijiti cha kwanza. Alishika kijiti kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto. Leticia alitaka kuishia hapo, amwachie mzee ajisomee mwenyewe na asiaibishwe zaidi. Natalia alimtazama, na kama nesi aliyezoea kukaa na wanawake wanaouma shuka wasipige kelele, akamwambia taratibu, "Mficha uchi hazai, Leti. Maliza."

"Na Katindiuka tulifanya hivyohivyo," alisema Leticia.  "Tuliwasha sisi. Pumba nilibeba mimi, magunia matatu. Rangi ya Zubeiri ilikuwa nzima. Nimelijua hili miaka miwili, mjomba, na sikukwambia kwa sababu nilikuogopa. Hapana, si kukuogopa. Niliona aibu kwa ajili yako, nikaona bora aibu ibebwe na mtu mwingine."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Polycarp alitazama chini, kwa adabu, akaanza kukagua viatu vyake.

Ndoo ilianza kutoa moshi mwembamba. Amedeus aliigeukia kama mtu aliyeamshwa, akashika kijiti cha kukorogea, akavuta. Kilisogea kwa shida. Dakika thelathini na moja. Bado ungeweza kuimimina na kuitandaza upesi, bado ungepaka nusu ya kuta. Polycarp naye aliliona hilo. Alifungua kinywa.

"Fundi, si bora tu..."

"Hapana," alisema Amedeus.

Akaketi juu ya tofali lingine, kando ya ndoo, akaitazama ikifa. Walisimama wote pale, hakuna aliyeondoka. Rangi ilikaza pembeni kwanza, kisha katikati, na kijiti kikabaki kimesimama wima chenyewe. Amedeus alikigonga kwa ukucha. Kililia kama kimepigwa kwenye jiwe.

"Mkamia maji hayanywi," alisema. Hakuna aliyejua kama anamsema Mwenyekiti, au mjamzito mwenye dumu, au yeye mwenyewe. "Kusugua kunachukua muda gani?"

"Tukipata watu sita na maji ya moto, mpaka saa sita. Kukauka kwa feni, saa tisa. Tunapiga msasa kidogo, saa kumi tunapaka. Mvua ikituvumilia."

"Watu ninao," alisema Polycarp, na tayari alikuwa anatembea kuelekea barabarani. Natalia alikwenda kuwaambia akina mama waliosindikiza wagonjwa waongeze kuni jikoni na watafute madodoki.

"Lakini rangi haitoshi," alisema Leticia. "Tulikuwa na seti tatu za mkono wa pili, sasa zimebaki mbili. Na mwenye seti ya akiba leo hii ni mmoja tu."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo. Nitampigia mimi, mjomba. Wewe pumzika."

Amedeus alinyoosha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na rangi hadi kwenye kiwiko. Leticia alitafuta jina, akabonyeza, akampa simu. Mzee aliiweka sikioni kwa namna ya watu wa umri wake, ameibana kama anayeogopa itoroke. Iliita mara nne.

"Leticia, binti yangu," sauti ya Zubeiri ilisikika mpaka nje, ya uchangamfu. "Tangi limekubali?"

Amedeus aliihamishia simu sikio la pili. 

"Siyo Leticia. Ni Amedeus."

 Mlio wa pikipiki ulipita mahali fulani karibu na duka la Zubeiri, ukaenda zake.

"Zubeiri, ile rangi ya Katindiuka," alisema Amedeus. "Haikuwa rangi. Ulikuwa moto wangu. Nilichoma pumba ndani ya tangi kuikausha, na jana usiku nimechoma tena, na hapa nimeshika ushahidi mikono yote miwili. Rangi yako ilikuwa nzima. Nilikusema sokoni, na sokoni nitarudi kulifuta, Jumamosi, watu wakiwa wengi. Sina neno jingine."

 Leticia aliangalia sekunde zikihesabika kwenye kioo cha simu, kumi na mbili, kumi na tatu, na akahisi kwamba Zubeiri akikata simu sasa atakuwa na haki yake kamili.

"Miaka sita, Amedeus," alisema Zubeiri.

"Miaka sita."

"Mke wangu amekufa hukuja kuzika."

Amedeus aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ngumi. "Sikuja," alisema.

Walisikia Zubeiri akipumua, kisha akikohoa, kisha akisema na mtu wa dukani alete ngazi. Kitu kizito kiliburutwa sakafuni.

"Mnataka seti ngapi?"

"Moja."

"Naja nayo mwenyewe. Kwa bajaji, baada ya saa moja hivi." Akaongeza: "Ila, Amedeus, usije ukanichomea moto mwingine kabla sijafika."

Simu ikakatika. Amedeus alimrudishia Leticia bila kumtazama. Aliinuka, akachukua dumu la maji la mama mmoja lililokuwa kando ya mlango wa wodi, akaomba ruhusa kwa mwenyewe kwa kuinua tu nyusi, akazunguka nyuma ya tangi. Pale aliyamwagia maji majivu ya pumba, yale ambayo tangu alfajiri yalikuwa bado yanafuka, mpaka yakaacha.